"Ndiyo" ya mtoto mbele ya afande

Mtoto wetu hujifunza shikamoo kabla ya kuhesabu, na pamoja nayo hujifunza kwamba mkubwa habishiwi. Akikaa mbele ya askari, hata yule wa Dawati la Jinsia na Watoto aliyevaa kiraia, jibu lililo karibu na ulimi wake ni "ndiyo". Ndiyo maana maelezo mengi ya watoto waliofanyiwa ukatili wa kingono huharibikia kwenye swali la anayewahoji.

Swali baya kuliko yote ni la kukanusha. "Hakukugusa?" Mtoto akijibu "ndiyo", kwa Kiswahili amekubali kwamba hakuguswa, lakini askari aliyeshika kalamu anaweza kuandika kinyume. "Ni baba mdogo, siyo?" nalo halifai: jina limetoka kwa askari, na wakili wa utetezi atalishikilia hilo hilo.

Wewe unayemhoji, anza mbali. Mwambie: "Mimi sikuwepo. Usipojua, sema sijui. Nikikosea, nisahihishe." Kisha mjaribu: "Jana usiku nilikula nini?" Akibahatisha "ugali", mkumbushe kanuni, umpe swali jingine la aina hiyo. Halafu akueleze siku yake tangu alipoamka mpaka alipofika kituoni. Dakika tano hadi kumi zinatosha, na hapo unajifunza maneno yake na jinsi anavyosimulia. Wengi huziruka kwa sababu nje kuna foleni. Ni kosa la gharama.

Ndipo useme: "Nieleze kilichokuleta hapa." Kaa kimya. Hesabu kumi moyoni kabla ya kuongeza neno. "Halafu ikawaje?" "Umesema alikuita stoo. Nieleze ya huko stoo." Maswali ya ndiyo au hapana yaje mwisho, kama bado yanahitajika. "Kwa nini hukupiga kelele?" lisiulizwe kabisa, mtoto husikia lawama, kisha hutunga sababu.

Kiswahili chenyewe kina mitego yake. "Alikuja akanishika": huyo ni mwanamume au mwanamke, na aliyekuja ndiye aliyeshika? Uliza "nani?" kwa kila kitendo. "Anko" anaweza kuwa mjomba, mpangaji au bodaboda wa shule. Uliza anaishi wapi na watu wengine humwitaje. Mtoto wa miaka sita ukimdai saa atakutajia yoyote, basi uliza kama ilikuwa kabla au baada ya madrasa. Akisema "mara nyingi", usidai idadi. Omba mara ya kwanza, ya mwisho, na ile anayoikumbuka zaidi.

"Alinifanyia tabia mbaya" iandikwe hivyo hivyo, na "dudu lake" vilevile, kisha aulizwe: "Tabia mbaya ni kufanya nini?" Askari akiandika "aliniingilia kimwili", mtoto wa miaka minane ataulizwa mahakamani maana yake, atanyamaza, na itaonekana amelishwa maneno. Tangu marekebisho ya 2016, sheria ya Tanzania inamruhusu mtoto asiyezidi miaka 14 kutoa ushahidi bila kiapo, ila ni lazima aahidi kusema ukweli. Maana yake atasimulia tena kizimbani. Basi afisa ustawi wa jamii asikilize katika kikao hicho hicho, asije kumhoji upya wiki ijayo.

Kwa kesi ya ubakaji au ulawiti, PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo kutibiwa) na hospitali kwanza: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zina ukomo wa saa 72, na kila saa inayopita huzipunguzia nguvu. Maelezo marefu yanaweza kusubiri kesho.

Mzazi aliye shahidi akae nje. Soda isiwe malipo ya kusema. Mpe kabla hamjaanza, aseme asiseme. Wala usimwahidi "sitamwambia mtu", kwa sababu utamwambia mwendesha mashtaka.

Mwishoni muulize kama ana swali. Huenda akauliza: "Leo nitalala wapi?" Jibu hilo wewe na afisa ustawi muwe nalo kabla mtoto hajaingia chumbani.