Umeitwa kamati ya nidhamu kwa wizi wa maandishi? Usikimbilie kuandika radhi

Barua ya chuo ya kukutaka ujieleze huwa fupi: kazi yako imeonekana kunakiliwa, jibu kwa maandishi kabla ya tarehe fulani. Ikimkuta mwanafunzi yuko likizo kwao Lamu, wazee wakisomewa husema, "Andika radhi, yaishe." Ni ushauri wa heshima, ila mbele ya kamati karatasi hiyo ni kukiri kosa, na wakili atakayeitwa baadaye ataikuta imeshawekwa kwenye faili.

Kwa hivyo wakili huonwa kabla ya kujibu. Kama kweli ulinakili, bado ana kazi: kukiri kulikopangwa vizuri, kunakotaja sura gani na kurasa ngapi, huweza kupunguza adhabu. Radhi ya jumla humaanisha umekiri yote, hata usiyoyafanya.

Haki ya kusikizwa inatoka Kifungu cha 47 cha Katiba ya Kenya ya 2010 na sheria ya mwaka 2015 inayosimamia hatua za kiutawala. Kifungu cha 4 cha sheria hiyo kinataka upewe notisi mapema, usikizwe, uonyeshwe ushahidi utakaotumika, na uweze kuwahoji wanaokushtaki. Kuhusu wakili kinasema uarifiwe haki ya kuwakilishwa "pale inapohusika", na maneno hayo ndiyo yanayoleta mvutano. Soma kanuni za chuo chako. Huenda zinamruhusu wakili anene, au akae kimya kando yako, au zikamfungia mlango. Zikimfungia, aandike kuomba ruhusa hata hivyo. Kukataliwa kwa maandishi kutafaa mbele ya safari.

Ripoti ya Turnitin, programu inayolinganisha kazi yako na maandishi mengine, ndiyo huwatisha watu bure. Asilimia ile hupima maneno yanayofanana na maandishi mengine, haipimi wizi. Orodha ya marejeleo, nukuu zilizofungwa vizuri, hata maswali ya dodoso, vyote huweza kuhesabiwa ikiwa aliyeipitisha kazi hakuviondoa kwenye mipangilio. Dai ripoti nzima yenye rangi na vyanzo, usikubali ukurasa wa namba peke yake. Kisha angalia chanzo kikubwa ni kipi. Kikiwa ni "kazi ya mwanafunzi" wa chuo chako hicho hicho, uliza iliwasilishwa lini na nani: rasimu yako mwenyewe ikishahifadhiwa humo, nakala ya mwisho itafanana nayo karibu yote. Na ukishtakiwa kuandikiwa na akili bandia, jua kwamba kipimo cha kuitambua, ambacho Turnitin walikileta 2023, ni makadirio tu. Hakina chanzo cha kulinganisha nacho, basi kisisimame peke yake kama ushahidi.

Upande wako, leta historia ya matoleo ya faili, rasimu za zamani, ujumbe wa msimamizi wako na daftari la usaili. Tengeneza nakala kwanza, na faili la asili usiliguse kabisa. Ukilifungua ukaanza kurekebisha, tarehe ya mabadiliko itakusaliti.

Tarehe ya kikao nayo isikupite hivi hivi. Anayetoka Amu, kisiwani Lamu, avuke kwanza kwa boti hadi Mokowe, ndipo apande basi. Kikao cha saa mbili asubuhi Mombasa ni safari ya jana yake. Sheria ile inakupa nafasi ya kuomba kikao kiahirishwe. Omba mapema, kwa maandishi, au uombe kusikizwa kwa video. Usipotokea bila taarifa wataendelea bila wewe.

Ukihukumiwa, dai sababu kwa maandishi; chuo kina siku 30 za kukujibu. Kata rufaa ndani ya chuo kwa muda uliowekwa na kanuni zake, kwani kifungu cha 9 cha sheria ile ya 2015 kinaizuia Mahakama Kuu kukusikiliza kabla hujamaliza ngazi hizo, isipokuwa kwa sababu za kipekee. Na hata ukifika mahakamani, jaji hatasahihisha insha yako. Ataangalia kama utaratibu ulifuatwa. Hoja ambayo hukuitoa kwenye kamati ni vigumu kusikilizwa huko, ndiyo maana kumbukumbu za kikao ni mali: andika nani alikuwepo, uliuliza nini, ulikataliwa nini.

Kuhusu kumchagua wakili: Malindi mawakili wengi wamekomaa kwenye kesi za mashamba, na hilo si kosa, lakini kazi hii ni nyingine. Muulize kama amewahi kushughulikia kesi za kiutawala dhidi ya taasisi ya umma. Hakikisha kwenye orodha ya LSK, chama cha mawakili Kenya, mtandaoni kwamba leseni yake ya mwaka huu ipo. Bei aitenganishe: barua ya kujibu peke yake, kikao peke yake, mahakama peke yake, na makubaliano yaandikwe. Kwa wengi, kulipia barua ya kujibu na saa moja ya kujiandaa kwa kikao kunatosha, ukaingia na kujisemea mwenyewe.