Maji ya baridi ya Kigombe

Kusi limekatika. Asubuhi umande unavuma kutoka bara, bahari inalala mpaka saa tano hivi, na kufikia alasiri matlai inaamka kidogo kidogo. Mashua zilizopandishwa mchangani tangu Juni zimeshapigwa kalafati na kurudishwa majini. Kwa sisi tunaozamia kati ya Tanga mjini na Pangani msimu umefunguka, na watu wameanza kunipigia simu kuuliza maji yakoje. Nawajibu hapa wote kwa pamoja.

Maji ni mazuri. Juu ya mafungu ya mbele ya Kigombe unaona mita 12 hadi 15, na kwa Oktoba hiyo si haba. Mto Pangani haujaanza kuleta tope. Vuli ikishika milima ya Usambara maji yatashuka mekundu hadi mlangoni pa mto, na hapo upepo ndio utakaoamua nani achafukiwe: kusi huyasukuma kuja huku kwetu, kaskazi ikisimama wanaoyapata zaidi ni wenzetu wa Ushongo, kusini ya mto. Kwa hiyo mwenye nia aje sasa, asisubiri Krismasi.

Ila kabla hujaulizia boti, angalia mwezi. Bamvua zetu, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na maji yote hayo lazima yapite kwenye milango kati ya fungu na fungu. Siku hizo mkondo unavuta hadi mzamiaji anang'ang'ania mwamba huku mapezi yanapepea nyuma yake, na ukishika mwamba umeshaanza kuuharibu. Mimi huwapeleka wageni siku za maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana, dakika ishirini kabla maji hayajasimama. Bamvua waachiwe akina mama wa pweza. Maji yakipwa saa nne asubuhi, mwamba wote ukawa nje, pale ni pahala pao. Mama yangu alitulea kwa fimbo yake ya chuma na kikapu, na siwezi kumwona mgeni anakanyaga matundu ya pweza kwa viatu vya mpira nikanyamaza.

Maziwe nako hali ni ileile. Kisiwa kilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1975, miongoni mwa vya kwanza katika bahari ya nchi hii, wakati huo kikiwa na mivinje. Leo ni fungu la mchanga, na bamvua ikijaa linazama lote. Kasa bado wanapanda kutaga, kwa hiyo mayai hufukuliwa na kuhamishiwa ufukweni Ushongo, la sivyo yangekufa maji. Ukienda Maziwe, msikilize nahodha akisema muda umekwisha. Nyangumi wa nundu wanarudi zao kusini. Mwezi uliopita walikuwa bado wanaimba. Ukiwa chini sauti yao huipata kifuani kwanza, masikioni baadaye.

Sasa niseme lililonifanya niandike.

Juzi tulizamia upande wa nje wa fungu, ule unaotazama Pemba. Juu, mita 8, pono walikuwa kazini. Unawasikia kabisa wakitafuna, kru, kru, kru, na kila akimaliza kutafuna mchanga mweupe unamtoka nyuma na kushuka kama unga unaochekechwa. Taa mwenye madoa ya buluu alikuwa amejifukia, macho tu nje. Tukateremka na mteremko. Kwenye mita 19 maji yakaanza kutetemeka mbele ya miwani, mwamba ukapoteza ukingo wake, kila kitu kikawa kama hakijakaa sawa. Hatua moja chini zaidi baridi ikanishika miguu, ikapanda magotini, kiunoni. Kipima joto cha mkononi kilikuwa kinasoma nyuzi 27 juu. Kikashuka hadi 25. Mita kumi na tisa ni joto, mita ishirini ni baridi, na mpaka wenyewe unaupitisha mkono. Wageni huwa hawaupendi mpaka huo, wanatetemeka na kunionyesha kidole cha kupanda. Mimi kila nikiugusa moyo unatulia.

Sababu ni hii. Machi na Aprili 2024 niliuona mwamba huuhuu ukigeuka mweupe. Tumbawe linaishi na mwani mdogo sana ndani ya nyama yake. Mwani ndio unaolilisha, na ndio unaolipa rangi. Maji yakizidi joto lake la juu la kila mwaka kwa nyuzi 1 tu, yakakaa hivyo kwa majuma kadhaa, tumbawe linautema mwani na kubaki mfupa unaoonekana kupitia ngozi. Halijafa bado, lina njaa. Aprili ile wataalamu wa NOAA, idara ya bahari na hali ya hewa ya Marekani, walitangaza kwamba matumbawe yanapauka duniani kote, mara ya nne tangu jambo hilo lianze kufuatiliwa. Wazee huku wanaikumbuka ile ya 1998. Sehemu za juu za fungu letu, zile zinazochemka jua la saa saba, matawi mengi hayakurudi. Yameota majani, yamevunjika. Lakini chini ya ule mpaka wa baridi rangi ilirudi. Siyo kwa yote. Ila juzi nilikuta tumbawe changa la matawi, ukubwa wa kiganja changu, ncha zake zambarau, limejishika kwenye jiwe kongwe. Pembeni yake jingine. Nikazunguka jiwe lile mpaka mwenzangu akanigongea mtungi wa hewa akidhani nimepatwa na jambo.

Mwaka 2020 mtafiti Tim McClanahan wa WCS, shirika la kuhifadhi wanyamapori, alichapisha kazi yake kuhusu bahari ya mpakani mwa Kenya na Tanzania, toka upande wa Shimoni kuja huku kwetu. Anaeleza kuwa hapa pana kimbilio la matumbawe na viumbe wakubwa wa bahari, kwa sababu maji ya kina kirefu yako karibu mno na pwani na huipoza miamba wakati wa joto. Mifereji ya chini ya bahari inayoyaleta karibu, anasema, ilichongwa zamani sana na maji ya barafu yaliyoshuka kutoka Kilimanjaro na Usambara. Siku isiyo na mawingu, ukiwa kwenye boti, Usambara unaiona nyuma ya mashamba ya mkonge. Mimi nimeitazama tangu utotoni kama alama ya kurudia nyumbani, kumbe ina mkono wake katika baridi ninayoisikia miguuni.

Na katika kina hichohicho anaishi mwenyeji wetu aliyeipa hifadhi jina. Samaki silikanti aliaminika ametoweka pamoja na madainosaria, miaka milioni 66 iliyopita, hadi mwaka 1938 alipotolewa baharini karibu na East London, Afrika Kusini, na Marjorie Courtenay-Latimer akagundua kuwa samaki yule si wa kawaida. Huku kwetu walianza kunaswa mwaka 2004, mmoja baada ya mwingine, makumi. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, kilomita za mraba 552, ikishika pwani kwa takriban kilomita 100 toka mlango wa Pangani kwenda kaskazini ya mji. Wageni huniuliza kama nitawaonyesha. Hapana. Mtungi wa kawaida una mwisho wa mita 40, na yeye mchana anakaa kwenye mapango ya chini zaidi ya hapo. Wazamiaji waliomkuta Sodwana, Afrika Kusini, mwaka 2000, walikuwa mita 104, na gesi maalumu.

Swali ambalo hawaniulizi ni hili: ikiwa anaishi kina hicho, kwa nini alianza kunaswa 2004 na siyo zamani za babu zetu? Nilimwuliza mjomba wangu, aliyetega jarife, wavu mkubwa wa papa, miaka mingi. Kina chake wanakihesabu kwa pima, kila moja karibu mita mbili.

"Mjomba, shikamoo. Jarife mlikuwa mnalishusha pima ngapi?"

"Marahaba, mwanangu. Mwanzo pima kumi, kumi na tano. Papa walikuwepo, taa walikuwepo. Wakapungua, tukashuka thelathini. Tukashuka hamsini, na zaidi. Mwamba wa juu ulishapigwa baruti ukawa vifusi, ungetega pale upate nini?"

"Na yule samaki?"

"Yule alikuja na kina. Hatukumtafuta. Nyama yake mafuta matupu, hana mnunuzi. Unamtoa amekwishakufa, mkubwa, mzito, macho yanang'aa. Wengine tuliwatupa kabla hatujaambiwa ni nani."

Tangu anieleze hivyo siwezi kuyatenganisha haya mawili, baruti na silikanti. Tanga tulikuwa na jina baya kwa baruti, tangu miaka ya 1960 na kuendelea, na kuna miaka ambayo huwezi kuzamia asubuhi bila kuusikia mlipuko, hata ukiwa umepigwa mbali. Maji yanausafirisha, mbavu zinastuka, samaki wote wanapinda upande mmoja. Baruti moja inaua wakubwa na watoto, na wengi wanazama bila kuokotwa kwa sababu kifuko chao cha hewa kimepasuka. Serikali ilipoingia kazini kwa kweli, kuanzia kama 2016, milipuko ikapungua sana, na wanaodharau kazi ile hawajawahi kuwa chini ya maji wakati wa mlipuko. Lakini vifusi bado vipo. Nimevipiga picha mahali palepale msimu hadi msimu: mapande ya matumbawe yaliyovunjika, urefu wa kidole, yamelala kama yalivyolala. Mtoto wa tumbawe akidondoka pale na kujishika, kusi likija linalivingirisha pande lile na kumsaga. Ndiyo maana wale wadogo wenye ncha za zambarau niliwakuta kwenye jiwe kubwa lisilotikisika, na hatua tano pembeni, kwenye vifusi, sikuona hata mmoja.

Kwa hiyo mwamba wa juu ulivunjwa, samaki wakaisha, nyavu zikafuata kina, na kina kikamtoa samaki ambaye uchunguzi uliochapishwa 2021 unakadiria kuwa anaweza kuishi karibu miaka 100, anafikia kuzaa akiwa na miaka kama 55, na anabeba mimba kwa miaka kama 5. Piga hesabu mwenyewe: jike lililotolewa mbele ya Kigombe na kutupwa, pengine lilizaliwa kabla ya bibi yangu kuolewa. Samaki wa namna hii ukimtoa mmoja hujatoa mmoja.

Nataja na jambo la mitungi, maana ni la kina pia na linaniumiza. Kuna vijana wanaochukuliwa na matajiri, wanapewa mtungi na regyuleta bila somo lolote, wanashushwa usiku kutafuta jongoo bahari. Sheria inakataza kuvua kwa mitungi. Lakini hata ukiiweka sheria pembeni: kila mita 10 unaongeza mzigo wa hewa nyingine nzima juu ya mwili, nitrojeni inaingia kwenye damu, na anayepanda haraka au anayerudi chini mara nyingi kwa siku moja inamtokea povu ndani ya mishipa. Nimemwona kijana aliyeshuka kwenye boti akitembea, jioni miguu haimsikii. Nyumbani walisema amerogwa. Mama, baba, kama mwanao ana kazi hiyo na anarudi analalamika viungo kuuma, ganzi, kizunguzungu, msimpeleke popote kabla ya hospitali, na mseme wazi alikuwa chini, kina gani, muda gani. Aliyeko kwenye kazi hiyo na anataka kujifunza kuzamia kihalali aje kwangu. Kuna kazi ya kuwasindikiza wageni na kuna kazi ya kuhesabu samaki, na sitamtoza senti.

Joto la dunia sisi wa Kigombe hatuna pa kulikamatia. Matangi ya mafuta ya Chongoleani, mwisho wa lile bomba la kilomita 1,443 kutoka Uganda, nayo yana wenye maamuzi yao, na hapo nimo katika wanaouliza kila nafasi ikipatikana kuhusu mpango wa siku mafuta yakimwagika. Wavu ni wetu. Anayeushusha ni ndugu yangu, na kamba yake inapimwa kwa mikono yake mwenyewe.

Jumamosi baada ya alasiri kuna mkutano wa BMU, kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi. Nimeomba nafasi na nimepewa. Nitaweka mezani picha za vifusi na za jiwe lile, kisha nitaomba mambo mawili: jarife la chini lisishushwe kupita pima ishirini na tano mbele ya kijiji, na lile fungu la nje tulifunge kwa pweza mpaka kaskazi iishe, akina mama wakiwa ndio wanaochagua siku ya kufungua. Mjomba amekubali kusimama aeleze habari za pima hamsini kwa mdomo wake. Walioko Mwambani na Mtangata, njooni.