Leo nimeuza mbegu zangu za kwanza

Marafiki, leo nimepata mteja wa kwanza!

Wanaonifahamu wanajua nilivyohangaika na hizi mbegu za maharage. Kung'oa shambani mimea yenye ugonjwa, kuvuna, kukausha, kupepeta, kuchambua punje moja moja.

(Maharage hujichavusha yenyewe, yaani ua hutumia chavua yake na halichanganyiki kirahisi na aina nyingine, ndiyo maana nimeanza nayo. Mkulima akitunza mbegu vizuri, msimu ujao anavuna aina ile ile.)

Mteja mwenyewe ni mama wa makamo, mkulima wa siku nyingi. Hakuanza na bei. Alimimina mbegu kiganjani, akazigeuzageuza, kisha akauliza kama nimezipaka dawa. Nikamwambia hapana. Akaing'ata moja. Ka! Ikapasuka.

"Imekauka hii, mwanangu. Itaota?"

Nikamfunulia kitambaa kibichi nilichopangia mbegu 100 za majaribio. 94 zilikuwa zimeota, vimizizi vyeupe vimenyooka.

Akainama, akaanza kuzihesabu mwenyewe kwa ncha ya kidole, kimya, mstari kwa mstari. Hakutaka maneno yangu, alitaka kuona. Nilimpenda sana kwa hilo, maana mbegu mbovu humpotezea mkulima msimu mzima.

Alipomaliza akasema, "Haya, nifungie."

Jamani, mikono ilinitetemeka nikiandika kwenye mfuko tarehe ya kuvuna na kiwango cha uotaji. Hadi sasa moyo unanidunda!

Nyie mnaolima, mkinunua mbegu huwa mnakagua nini kwanza? Na mngependa mfuko uandikwe nini? Niambieni, nataka kuchapisha lebo.