Siku moja maishani mwangu: nahesabu abiria mwaloni Kayenze

Saa kumi na moja alfajiri nishaamka, kitu cha kwanza kabla hata ya kunawa uso ni kufungua utabiri wa Ziwa Victoria wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwenye simu, maana huku kwetu radi na upepo mbaya wa ziwani vinapenda usiku wa manane hadi asubuhi. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, upepo unatoka pande zote za pwani unaingia ziwani, ukikutana huko katikati hewa inapanda na mawingu yanajijenga palepale, na muda huohuo wavuvi wa dagaa wako kazini na taa zao. Leo mawimbi madogo. Nashukuru Mungu, napika chai.

Saa kumi na mbili kasoro niko Kirumba, hapa Mwanza, nasubiri daladala ya Kayenze. Begi langu lina tepu, kaunta ile ya kubonyeza na kidole gumba, simu ya kazi yenye fomu, na kiboksi cha barafu chenye chupa za vioo. Nafanya kazi ya kukusanya data kwenye utafiti wa serikali wa usalama wa boti ndogo za abiria, mkataba wa muda tu, ila kazi hii naipenda kuliko zote nilizowahi kufanya na nitaeleza kwa nini.

Saa moja na nusu mwaloni, yani pale boti zinapofika na kupakia, pamechangamka, dagaa wameanikwa, magunia ya mkaa yanashuka, magodoro na kreti za soda zinapanda. Mwangaluka, salamu yetu ya Kisukuma, kila kona. Kabla boti haijapakia napima kwa tepu kutoka ukingo wa juu mpaka kwenye maji, pembeni pande zote mbili na nyuma kwenye injini, ikishajaa napima tena. Hapo ndo utaona mambo. Boti iliyokuwa na kimo kizuri juu ya maji inabaki na viganja viwili hivi, halafu mzigo umepangwa juu na watu wamekaa juu ya mzigo, yani uzito wote uko juu, wimbi moja la ubavu likija boti hairudi wima haraka kama inavyotakiwa.

Asubuhi hii nahodha mmoja, mzee wa makamo, aligoma. Nilimwamkia shikamoo baba, akaitikia marahaba vizuri kabisa, ila nilipotoa kile kidude cha GPS cha kufunga kwenye boti akasema "binti yangu, hicho mnataka mjue napita wapi mje mnikamate." Nikakaa naye chini kwenye mchanga kama robo saa nikamwonesha kwenye simu data inavyoonekana, mstari wa njia na mwendo tu, hakuna jina lake wala namba ya boti, inatusaidia kujua boti zinapita wapi na zinapunguza mwendo wapi ili hata msaada ukihitajika watu wajue pa kuanzia kutafuta. Akafikiria. Akasema yeye mwenyewe alishawahi kuelea usiku kucha injini imezima na simu haina mtandao. Akakubali, akakifunga mwenyewe.

Saa tatu boti yake inaondoka. Nimebonyeza kaunta mtu mmoja mmoja, nimepata 34. Daftari la karani wa boti lina 22. Nilimuuliza kwa upole, akasema watoto haandikagi, na wale wawili ni ndugu wa mwenye boti, na wengine wanashuka karibu. Sikugombana naye, kazi yangu kuandika vyote viwili, cha kwangu na cha kwake.

Sasa niseme kwa nini nazijali hizi namba. Meli ya MV Bukoba ilipozama humu ziwani tarehe 21 Mei 1996 orodha ya abiria ilikuwepo ya daraja la kwanza na la pili, daraja la tatu hawakuandikwa. Walikufa watu zaidi ya 800 na mpaka leo idadi kamili watu wanabishana. Mama yangu mdogo alikuwa daraja la tatu. Kila mwaka tunaenda Igoma kwenye makaburi, na jina lake halipo kwenye karatasi yoyote ya ile safari, bibi amekufa akiwa anauliza hilohilo. Halafu tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka inakaribia kisiwa cha Ukara, kivuko cha watu 101, wakafa 228 na waliookolewa 41. Jumlisha mwenyewe. Kwa hiyo mtu akiniambia mtoto wa mgongoni hahesabiwi, mimi namhesabu.

Saa tano nakagua laifujaketi. Zipo, nyingi tu, zimefungwa fundo kwa kamba chini ya turubai mbele kabisa ya boti. Nilimwomba kijana afungue na mimi nashika saa: dakika nne na ushee, boti imetulia, mchana kweupe. Na za saizi ya watoto hakuna hata moja.

Mchana wali na sato, haraka haraka.

Saa nane naingia majini mpaka magotini kuchukua sampuli. Injini nyingi hapa ni za kuchanganya oili na petroli, na sehemu ya mchanganyiko huo haiungui, inatoka na moshi moja kwa moja majini, ndo ule utandu wa rangirangi unaouona ufukweni. Chupa lazima iwe ya kioo maana mafuta yananata kwenye plastiki, na husuuzi kwanza, unajaza mara moja unafunga unaweka kwenye barafu. Hatua chache kutoka hapo kina mama wanachota maji ya kupikia. Hata maji ya mjini yanavutwa humuhumu ziwani, pale Capri Point.

Saa mbili usiku niko nyumbani naingiza data. Mwenzangu aliyeko kisiwani kazi yake ni kuhesabu wanaoshuka, akanitumia namba za ile boti ya saa tatu: wameshuka 39.

Nikampigia nikidhani kakosea. Hajakosea, kahesabu mara mbili. Nikampigia mzee nahodha, akanyamaza kidogo, akasema "mwanangu, watano niliwapakia mbele kule kwenye mawe, walikuja na mtumbwi." Yani ukaguzi unafanyika mwaloni, halafu boti ikishapita pembe ya mawe inajaza tena mahali ambapo hakuna anayeona. Kwenye mstari wa GPS kweli pako, boti imesimama dakika sita.

Nimeangalia njia nyingine za wiki hii. Boti tatu zimesimama palepale.

Nimemwandikia msimamizi wangu usiku huu kwamba kesho siendi mwaloni, naenda kule kwenye mawe na kaunta yangu, saa mbili asubuhi niwe nimeshafika. Mzee kasema atanionesha njia ya miguu.