Ute wa konokono, kabla hujapaka usoni

Siku hizi ukipita maduka ya vipodozi Mwanjelwa hukosi mdada anaulizia "ile ya konokono ipo?", yaani ile serumu ya Wakorea, na hela anatoa bila kinyongo. Mdada huyohuyo mpeleke Tukuyu msimu wa mvua akute konokono anakatiza kibarazani, atapiga kelele aletewe chumvi 😂. Mi sina ugomvi na serumu, ila naona tunashangilia kazi ndogo kabisa ya ule ute, zile kubwa tunazipita.

Ute wenyewe karibu wote ni maji, zaidi ya asilimia 90, kinachobaki ni protini zilizoshikana na sukari, na chumvichumvi kidogo, basi. Sasa konokono ana mguu mmoja tu na huo mguu umekaa juu ya gundi, unatembeaje juu ya gundi? Mwaka 1980 mtafiti anaitwa Mark Denny alieleza kwamba ute ukisukumwa kidogo unabaki umeshika, ukisukumwa kupita kiwango fulani unalegea ghafla unakuwa majimaji, ukiachwa unajishika tena. Kwa hiyo misuli ya mguu inapita kama mawimbi, panaposogea ute umelegea, palipotulia umekamata, ndo maana anapanda ukuta wima na hata makali ya wembe anapita juu yake hachaniki. Yaani hapo ndo nilipomvulia kofia. Kiangazi kikikaza anautumia uleule kuziba mlango wa gamba, unakauka, analala humo ndani mpaka mvua.

Halafu kuna hili la vijidudu vya magonjwa. Yule konokono mkubwa, Achatina fulica, asili yake ni huku huku Afrika Mashariki, na Wajapani walipata kwenye ute wake protini inaitwa achasini inayoua bakteria, inafanya kazi kwa kutengeneza haidrojeni peroksaidi, ambayo duka la dawa wanakuuzia ya kusafishia kidonda! Ila wa kwenye krimu mara nyingi sio huyu, ni Cornu aspersum wa Ulaya, wanafugwa kabisa, na ute unachujwa ndo unaingia kwenye chupa. Unalainisha ngozi na kushika unyevu, hilo sibishi, mengine ya kufuta makunyanzi yote ni midomo ya wauzaji.

Kilichonikosha zaidi ni watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani, mwaka 2017 waliangalia konokono asiye na gamba, Arion subfuscus, akitishwa anatoa ute unaonata hata penye maji, wakaiga siri yake (ute wenyewe hawakutumia) wakatengeneza gundi ya kushikia nyama za mwili. Waliijaribu kwenye moyo wa nguruwe, ikashika hata palipokuwa na damu. Madaktari wa upasuaji wanajua hilo lina maana gani.

Sasa wale mnaotaka kuokota konokono shambani mjipake bure, acheni jamani. Huyo anaweza kubeba mabuu ya minyoo ya panya, yakiingia mdomoni yanafika mpaka kwenye ubongo na kuleta homa ya uti wa mgongo. Ukimshika nawa mikono kwa sabuni, wanaomla wampike aive kweli kweli, na zile mboga za bustanini alikopita zioshe vizuri kabla ya kachumbari.