Mifarishi 64 kutoka Tukuyu hadi Blantyre

Binti wa shangazi yangu aliolewa Karonga, Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe, kisha akahamia Blantyre kufundisha shule ya msingi. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Machi 2023, mvua za Kimbunga Freddy ziliteremsha matope na mawe kutoka Mlima Soche, yakafukia nyumba za Chilobwe, mtaa wa Blantyre, watu wakiwa wamelala. Kimbunga hicho kilikuwa kimetangatanga Bahari ya Hindi kwa takriban wiki tano na kuipiga Msumbiji mara mbili kabla ya mvua zake kuishukia Malawi ya kusini. Siku ya tatu mdogo wangu huyo alipata chaji, akanipigia. "Dada, darasa langu limekuwa chumba cha kulala. Wamejaa mpaka mlangoni."

Mimi ni fundi cherehani hapa Tukuyu. Kila fundi ana kiroba cha mabaki ya vitenge chini ya meza, vipande ambavyo ni vidogo kwa nguo na ni vizuri mno kutupwa. Nilipokata simu nilikiangalia kiroba changu, nikajua tutashona mifarishi, yaani matandiko ya viraka yenye tabaka. Jumapili ile niliwaeleza kina mama wa kwaya, na wiki iliyofuata tulikuwa 17, wenye vyerehani na wasio navyo.

Hapo ndipo nilipokosea. Tulishona mifarishi tisa bila kumuuliza mtu yeyote wa kule. Ndani tulijaza sponji ya magodoro iliyokatwakatwa, kwa sababu tulipewa bure. Ilikuwa imenona, inapendeza. Nilipoupiga picha mmoja na kumtumia mdogo wangu, alikaa kimya kidogo, halafu akauliza, "Dada, huu unafuliwaje?"

Swali hilo lilibadilisha kazi yote. Malawi ilikuwa bado katikati ya kipindupindu, kilichokuwa kimeua zaidi ya watu 1,000 hata kabla ya kimbunga. Pale shuleni palipogeuka kambi, kila kitu kilikuwa kinafuliwa kwa maji ya klorini, na jua lenyewe la kubahatisha. Sponji ingenyonya maji, isikauke, ioze na kunuka juu ya mtoto. Halafu akaniambia jambo ambalo nisingelijua hata ningefikiri mwezi mzima: blanketi za kujifunika zilikuwa zimeanza kufika, lakini watu walikuwa wanalala juu ya sakafu ya saruji, na baridi ilikuwa inapanda kutoka chini. Mama mmoja alikuwa anakunja blanketi lake mara mbili na kulilalia, yeye na wanawe wakabaki wazi. Na miezi ya Juni na Julai ilikuwa mbele, wakati upepo wa chiperoni unapoleta ukungu na manyunyu ya siku nzima Blantyre na Thyolo.

Basi tukafumua ile tisa. Kuna mama alitokwa na machozi, na nilimwelewa, maana alikuwa ameshona usiku kwa taa ya sola. Lakini sikukubali hata mmoja uende vile. Mtu aliyepoteza nyumba hapaswi kupewa kitu cha kumwongezea kazi.

Tukaanza upya na vipimo viwili tu: wa mtu mzima futi 4 kwa 6, na mwingine mpana wa mama na watoto. Juu viraka vya kitenge, katikati blanketi jepesi la mtumba lililofuliwa na kuanikwa juani, chini shuka nzito. Unalalika na unajifunikia. Vitenge vyote tulivifua kwanza kwa maji ya chumvi, vinavyochuja rangi tukaviweka kando. Pindo tuliacha nusu inchi, kwa sababu kitenge kikifuliwa mara kwa mara kinachanua nyuzi na mshono mwembamba unaachia. Tabaka tatu zilivunja sindano nyingi mpaka tulipohamia namba 18. Kabla ya mashine tulipiga bandi kwa mkono, kina mama wanne wameuzunguka mfarishi mmoja sakafuni.

Wasio na vyerehani ndio waliotuvusha. Badala ya kushona mistari, wao walipitisha uzi wa sweta katika tabaka zote tatu na kufunga fundo, kila baada ya upana wa kiganja. Tulifua mmoja wa mashine na mmoja wa mafundo mara tano kwa maji yenye dawa ya klorini. Ule wa mashine ulianza kufumuka pembeni. Wa mafundo haukusogea. Kuanzia hapo mistari tuliiacha, tukafunga mafundo tu, na bibi mmoja mwenye zaidi ya miaka 70 akawa mkaguzi wetu: anavuta kila fundo kwa nguvu zake zote, likiachia anaurudisha.

Fedha sikuzitaka mkononi mwangu peke yangu. Mhasibu wa kikoba chetu alizishika, na kila Ijumaa alisoma hesabu kwa sauti: uzi, sindano, mabegi ya salfeti, nauli. Michango mingi ilikuwa shilingi 1,000 au 2,000. Wapo waliotaka kutupa nguo kuukuu zichanganywe humo, nikakataa kwa heshima. Mzigo wa aina moja unahesabika, unagawika, na hauzui ugomvi kambini.

Mpakani Kasumulu tulikaa siku mbili. Barua ya kanisa lililokuwa linapokea mzigo kule Blantyre ilisema "msaada wa matandiko" bila idadi, na msaada usio na idadi hauwezi kupita kama msaada. Wakala wa forodha alitufundisha: barua ya mpokeaji iandike idadi, uzito na thamani, ilingane na orodha yetu neno kwa neno, na kila salfeti iwe na namba yake. Barua mpya ilikuja kwa simu, tukaichapisha Kyela. Mifarishi 64, minane kwa kila salfeti, ikapanda roli lililokuwa linaelekea Blantyre. Ningekuwa na barua hiyo mapema, dereva asingelala njiani kwa ajili yetu.

Mwanzoni mwa Julai mdogo wangu alituma ujumbe wa sauti. Tuliusikiliza wote, simu ikiwa juu ya meza ya kukatia. Nyuma ya sauti yake manyunyu yalikuwa yanasikika juu ya bati. Alisema shule zilikuwa zimewahitaji watoto warudi madarasani, familia nyingi zimeondoka kambini kwenda kujihifadhi kwa ndugu, na kila moja iliyopata mfarishi iliuviringisha na kuondoka nao kichwani. Akataja kwamba ule mpana umekuwa mzito kwa wajane wanaotembea mbali. Kisha akaomba midogo ya watoto wachanga, kwa sababu wapo waliozaliwa humohumo darasani.

"Mingapi?" nikamuuliza.

"Ishirini, dada, kama inawezekana."

Tulimwaga viroba vyote sakafuni tukahesabu. Viraka vilitosha 14. Bibi yetu akafungua fundo la kanga yake, akatoa shilingi 5,000, akasema twende sokoni kabla maduka hayajafungwa.