Fonti iliyochubuka na O tatu za KOROSHO

Andika KOROSHO kwa fonti yoyote ya kupakua bure iliyochubuliwa makusudi ionekane ya kizamani, halafu zikazie macho zile O tatu. Kama mchubuko uko upande uleule kwenye zote, bango limeumbuka. Kiswahili hakizisamehe fonti hizi, maana irabu zake hujirudia mno. Kipimo kikali zaidi ni NANGURUKURU, jina la mji kule Kilwa: U nne.

Dawa yake ni maumbo mbadala, yaani herufi moja kuchorwa zaidi ya mara moja, kila umbo na mchubuko wake. Chora matatu kwa kila irabu, mawili kwa N, K, M na R. Herufi nyingine ziache na moja, hakuna atakayegundua. Kisha ziandikie sheria za kubadilishana kwenye kipengele cha OpenType (muundo wa faili za fonti) kiitwacho calt, kinachobadili umbo la herufi kulingana na zilizo jirani. Wengi hukwama hapa, kwa kuwa huandika sheria ya herufi pacha zilizogusana tu. Kwetu O na O hutenganishwa na konsonanti: kwenye KOROSHO, O ya pili imetanguliwa na R, ya tatu na SH. Kwa hiyo tengeneza kundi la konsonanti zote, pamoja na maumbo yake mbadala, uandike sheria ya kuruka konsonanti moja, mbili na hata tatu. O ikitanguliwa na O ya umbo la kwanza, iwe ya umbo la pili. Ikitanguliwa na ya pili, iwe ya tatu. Word huwa imeizima calt, mpaka uiwashe mwenyewe kwenye mipangilio ya fonti.

Mchubuko nao uwe na chanzo. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa kule Mikindani hubanduka rangi kuanzia chini, unyevu unapopanda na chumvi yake, kwa hiyo fonti ya ukutani ichakae miguuni. Herufi za mbao za mabango, ambazo Darius Wells alianza kuzitengeneza kwa mashine Marekani mwaka 1827, huliwa pembeni, na wino wake hauenei sawasawa katikati. Kuchanganya vyote viwili ndiko kunakozaa ile sura ya uchafu uliomwagwa tu.

Skani chapa halisi kwa dpi 600 (nukta 600 kwa inchi), geuza nyeusi na nyeupe, igeuze vekta (mchoro wa mistari badala ya picha) kwenye programu ya Inkscape, futa vidoa vidogo, ndipo uingize FontForge, programu ya kutengeneza fonti, kwenye mraba wa herufi wa yuniti 1000. Usipofuta, herufi moja hubeba maelfu ya nukta na programu huganda.

Kwenye gunia la korosho, mimi ningetumia fonti safi. Nyuzi zenyewe huichubua, na mikwaruzo myembamba huzibwa na wino. Kwa stika za gari, fonti hizi usizipeleke kwenye plota ya kukata, mashine inayokata herufi kwa kisu: vipande vya milimita moja hung'oka pamoja na mabaki. Chapisha stika nzima, halafu ukate ukingo wa nje tu.